Usingizi na Kusingizia: Mafunzo Saba Niliyopata kwa Jinamizi

Mjukuu wangu anayesoma chuo alikuja kukaa kwangu wiki tatu kabla ya mitihani, akidai hosteli ina kelele. Asubuhi ya siku ya nne alikuja kwenye chai macho mekundu, akashika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Babu, chumba kile zamani alikuwa akilala nani?"

Nikamwuliza: "Limekukaba?"

Kikombe nusura kimponyoke. Alikuwa hajanieleza lolote. Lakini mimi nina miaka sabini, na hamsini kati ya hiyo nimekuwa nikikabwa na jinamizi mara kwa mara, na mtu aliyekabwa namtambua kwa namna anavyoshika kikombe. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa mhasibu, kazi ambayo watu hudhani haina mashetani.

Niliyomweleza asubuhi ile ndiyo haya, pamoja na mengine niliyoona haya kumweleza uso kwa uso. Wewe unayesoma najua kuna kitu unakikimbilia: mtihani, duka, cheo, nyumba ya mama. Kimbia. Nataka tu kukuonyesha mashimo niliyotumbukia mimi, mengine mara mbili.

1. Kufungwa si kurogwa

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni. Kitanda changu kilikuwa cha juu. Usiku mmoja, kama saa tisa, nilifumbua macho nikaona kila kitu mahali pake: dari, chandarua cha jirani, mwanga wa koridoni chini ya mlango. Nikataka kujigeuza. Mkono haukuja. Mguu haukuja. Nikataka kuita, ulimi ukawa kama wa mtu mwingine. Kisha mlango ukafunguka bila mlio, akaingia mwanamke amejitanda kanga, akaja polepole, akapanda juu ya kifua changu, akakaa. Kitanda cha chini mwenzangu alikuwa anakoroma kwa amani kabisa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Sijui lilidumu muda gani. Lilipoachia niliruka kama samaki, nikaangukia sanduku la bati la mtu, bweni zima likaamka. Nikawatangazia kuwa nimekufa na nimerudi. Kwa muhula mzima waliniita Marehemu.

Ilipita miaka ishirini kabla daktari mmoja hajanichorea jambo lenyewe nyuma ya bahasha. Mwaka 1953, alisema, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa kuna usingizi wa aina yake: macho hukimbia huku na huku chini ya kope, na ubongo umechangamka karibu kama wa mtu aliye macho. Ndoto zetu nyingi zenye visa virefu huja humo. Ili tusiinuke tukapigana na watu wa ndotoni, shina la ubongo hukata amri zinazokwenda kwenye misuli. Hubaki misuli ya macho, na kile kiwambo kilicho chini ya mapafu, ambacho huendelea kutuvutia pumzi. Kwa kawaida komeo hilo hufunguliwa kabla hatujazinduka. Siku nyingine akili huzinduka kwanza, au komeo hushuka mapema wakati mtu bado anajua kuwa yuko kitandani. Hapo unaona chumba chako halisi, na ndoto ambayo haijaisha inachezwa ndani ya chumba hichohicho.

Kilichonishangaza ni habari ya kifua. Misuli ya mbavu nayo huwa imelegea, kwa hiyo kiwambo hufanya kazi peke yake. Ukitaka kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, haiji, na akili iliyoshtuka hutafsiri kwamba kuna mzigo juu yako. Pumzi yenyewe haijakatika hata mara moja. Na jambo lote, ambalo mimi ningeliapia kuwa nusu saa, huchukua sekunde kadhaa, pengine dakika chache.

Basi ukijikuta umefungwa, jua kuwa hilo ni komeo la nyumba yako mwenyewe, na kazi yake ni ulinzi. Limechelewa tu kufunguliwa.

2. Kivuli hakina jina. Jina unalitia wewe

Hapa ndipo penye aibu yangu. Yule mwanamke wa kanga sikumwona uso, lakini nilisikia harufu ya ubani. Na katika ukoo wetu aliyekuwa akifukiza ubani kila Alhamisi usiku alikuwa mmoja tu: shangazi yangu, mjane asiye na mtoto, aliyekaa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Yeye ndiye aliyeninunulia sanduku la shule. Likizo iliyotangulia alinishika kichwa akasema, "Mwanangu, wewe utakwenda mbali sana." Nilipoondoka niliichukua kuwa dua. Baada ya usiku ule nikaanza kuisikia kama tishio. Mbali wapi? Akhera?

Nikamwandikia mama barua. Sikusema "nadhani". Nilisema "nimemwona". Kijana wa miaka kumi na tisa, hodari wa hesabu, ambaye asingekubali jibu la mlinganyo bila njia, alimhukumu mtu kwa ushahidi wa harufu.

Mama hakugombana na mtu. Aliacha tu kuwatuma wadogo zangu ng'ambo. Chakula kilichotoka kwa shangazi kikawa kinapokewa kwa shukrani na kumwagwa jioni. Dada yangu alipoolewa, shangazi aliambiwa apumzike, jikoni watu wapo. Mwanamke aliyekuwa akipika pilau ya arusi zote za ukoo alikaa ukumbini kama mgeni. Hakuuliza kwa nini. Katika nchi ambayo wazee wanawake wamewahi kuuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, tuseme alipata nafuu. Mimi siwezi kusema hivyo bila kuinamisha uso.

Baadaye nilikuja kujua kuwa kivuli hiki kimetembea dunia nzima, na kila kinapofika huvaa nguo za wenyeji. Wajapani husema mtu amepatwa na kanashibari, yaani kufungwa kwa chuma. Waarabu wa Ghuba humwita jathumu, anayelalia kifua asiondoke. Newfoundland, huko Kanada, wavuvi walimjua kama Bibi Kizee. Mwaka 1781 mchoraji Henry Fuseli, mzaliwa wa Uswisi aliyekaa London, alimchora mwanamke aliyelala chali na kijishetani kimejikunyata juu ya kifua chake. Wangu alivaa kanga kwa sababu nilikotoka wanawake huvaa kanga, na alinukia ubani kwa sababu huo ndio niliokuwa nikiuogopa na kuukumbuka.

Hofu huanza kwanza. Sura huja baadaye kuieleza. Ukiona kivuli, kiache kiwe kivuli.

3. Usingizi ni mkopo, na una riba

Nisingekuwa mkweli nikisema kwamba mwaka ule nilikuwa nalala. Tulikuwa na ufundi wetu: unajaza beseni maji ya baridi, unatumbukiza miguu, unasoma hadi saa nane. Mimi nilijisifu kuwa nalala saa tatu na nusu tu, na niliwadharau waliolala mapema kama watu wasiojua wanakokwenda. Mmoja wa waliolala mapema alinipita kwa alama katika mtihani wa mwisho. Sijamsamehe.

Ajabu iliyonichanganya kwa miaka ni hii: jinamizi halikuja sana katika usiku wa kukesha wenyewe. Lilikuja nilipopumzika. Mtihani ukiisha, likizo ikianza, nikajitupa kitandani kwa raha zote, papo hapo kifua. Nikahitimisha kuwa wabaya wangu wananiotea nikiwa nyumbani. Laiti ningejua: mwili ulionyimwa ule usingizi wa ndoto hukusanya madai, na ukipewa nafasi hulipiza kwa mkupuo. Usingizi ule, ambao kwa kawaida huanza kama saa moja na nusu baada ya mtu kulala, huweza kuingia mapema na kwa nguvu, ukakukuta hata hujamaliza kusinzia.

Mwaka 1979 nilirudia kosa hilohilo jijini Dar es Salaam. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo, nikifanya zamu tatu zinazobadilishana kila wiki, na alasiri nikisoma uhasibu. Siku za kwanza za kila zamu mpya nilikabwa. Mwili ulikuwa haujui tena lini ni usiku.

Ukiwa mwanafunzi, jua kuwa huko peke yako. Mwaka 2011 Brian Sharpless na Jacques Barber walijumlisha tafiti zilizohusu watu zaidi ya 36,000: katika watu wa kawaida, karibu 8 kati ya 100 walikuwa wamewahi kufungwa hivi angalau mara moja; miongoni mwa wanafunzi ni 28 kati ya 100. Niliposoma takwimu hizo nilikumbuka bweni letu la watu arobaini. Kumbe wengine kama kumi walioniita Marehemu nao walikuwa wamekufa na kurudi, ila walijua kunyamaza.

Sikuambii usikeshe kamwe. Najua yapo majuma ambayo hakuna njia. Ninachokuambia kama mhasibu ni hiki: unapokesha unakopa. Ukikopa, andika, na upange siku ya kulipa kabla mdai hajaja mwenyewe na kukaa juu ya kifua.

4. Mlango wa usingizi una kelele zake

Kabla hata ya kufika kwenye jinamizi, njiani kuna vituko vingine. Nikiwa mdogo nilikuwa nikianza kupitiwa na lepe la usingizi, mara naona nimekanyaga hewa, mguu unarusha teke, nazinduka moyo unadunda. Bibi alinituliza: "Unarefuka." Niliipokea kwa furaha, nikaihesabu kila moja. Kama ingekuwa kweli leo ningekuwa natazamana na minazi. Nimeishia futi tano na inchi nne.

Lakini bibi alipatia jambo moja: alicheka. Mshtuko ule ni misuli inayokurupuka wakati ubongo unakabidhiana zamu kati ya kukesha na kulala. Huwapata watu wengi mno, na huzidi kwa uchovu, wasiwasi na kahawa ya jioni.

Mlio ndio ulionitia matatani. Ilikuwa mwaka uleule wa 1979, vita ya Kagera imetoka kwisha, masikio ya watu bado yako wima. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita, ua mmoja. Nikiwa katika mang'amung'amu, si macho si usingizini, nikasikia mshindo ndani ya kichwa, kama bati zima limeangushwa sakafuni. Nikatoka mbio na shuka kiunoni nikipiga kelele: "Mwizi! Mwizi!"

Wapangaji wakatoka, huyu na panga, yule na mchi. Mtaa wa pili wakaitikia. Hakuna aliyesikia bati wala mwizi, ila kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anapita zake kutoka kazini, na kwa dakika kama mbili maisha yake yalining'inia kwenye kichwa changu kibovu. Mama mwenye nyumba alimjua. Ndiyo bahati yake, na yangu.

Mlio ule nao una historia kwa waganga wa mishipa ya fahamu. Daktari Mwingereza, J. M. S. Pearce, aliuandikia katika majarida ya tiba mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuupa jina lenye maana ya kichwa kinacholipuka. Jina linatisha kuliko jambo: hauumi, hauharibu kitu, huisha wenyewe.

Toka siku ile nina sheria: ninachokisikia dakika ya kusinzia, sikipigii kelele mpaka nimekaa kitako na kuhesabu hadi kumi.

5. Andika kabla hujashitaki

Kufikia mwaka 1994 nilikuwa mtu mzima, mhasibu mwenye tai, na nilikuwa na hirizi mbili mkononi chini ya shati. Mganga aliyenipa alitaka mbuzi; nikamwomba risiti, akanitazama kwa huruma. Usiku wa kwanza wa hirizi lilinikaba kama kawaida. Aliponiambia niongeze ya tatu, uhasibu wangu ukazinduka. Hakuna mkaguzi anayekubali gharama inayopanda huku mapato yapo palepale.

Nikafungua daftari. Nikapiga safu: saa ya kulala, saa za usingizi, nimelala chali au ubavu, kahawa, ugomvi wa siku hiyo, na, kwa sababu sikuwa nimepona ujinga, safu moja ya Alhamisi na moja ya watu niliowashuku. Niliandika kila asubuhi kuanzia Machi hadi Agosti.

Nilipofunga hesabu nilipata matukio kumi na moja. Tisa nilikuwa nimelala chali. Manane yaliangukia Juni na Julai, majuma tuliyokuwa tukifunga hesabu za mwaka na mimi nikilala kwa saa nne au tano tu. Safu ya Alhamisi ilikuwa na tukio moja. Safu ya watu niliowashuku haikuwa na senti.

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Nilikuwa nimemshitaki mtu miaka ishirini kwa deni ambalo mwandiko wote ulikuwa wangu.

Daftari hilo ndilo nililompelekea yule daktari wa bahasha. Alilisoma lote, kisha akaniuliza maswali manne, na nakupa nawe uyashike. Je, mchana unapitiwa na usingizi ghafla, hata katikati ya maneno? Je, ukicheka au kushangaa magoti hulegea? Je, unakoroma na kupaliwa kama mtu anayekosa hewa? Je, kuna aliyekuona ukitupatupa viungo au ukajiuma ulimi? Mawili ya kwanza, alisema, huweza kuashiria ugonjwa wa usingizi wenye dawa zake. La tatu, njia ya hewa inayozibana. La nne, kifafa. Ukijibu ndiyo kwa lolote, nenda hospitali, usiishie kwa jirani wala kwa vidonge vya usingizi vya kujinunulia. Mimi nilijibu hapana kwa yote, ila la kukoroma nilimwomba asimuulize mke wangu.

Akaniandikia dawa ambayo haipo katika duka lolote: lala saa ileile, amka saa ileile, lala ubavu, kahawa mwisho saa nane mchana. Nilisikitika kidogo. Mtu ukiteseka miaka ishirini unatamani tiba yenye jina gumu.

6. Hofu inayokesha huzaa hofu nyingine

Mwaka 1995 kazi ilinipeleka Unguja kwa ukaguzi wa vitabu. Nilifikia Ng'ambo kwa rafiki yangu, na usiku wa kwanza nikakuta watu hawalali ndani. Mikeka imetandikwa mbele ya nyumba, wanaume kwa vijana, taa zinawaka, redio zinasema. Popobawa lilikuwa limeanza Pemba wakati wa Ramadhani na sasa lilikuwa limevuka. Watu walilisimulia kuwa huja usiku na kivuli cha bawa la popo, huleta harufu, humkandamiza mtu asiweze kupiga kelele, na wengine walisema huwafanyia mambo mabaya kuliko hayo. Tena likimaliza humwamuru mtu akatangaze, akificha, litarudi.

Wako watafiti waliokuja kusema kuwa nyuma ya simulizi hizo kulikuwa na jinamizi la kawaida. Wengine wakatazama siasa, maana ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi visiwani baada ya mapinduzi. Mimi sikuwa mtafiti. Nilikuwa mtu aliyekaa mkekani, akimsikiliza kijana wa jirani akieleza alivyofungwa, mwili mzito, kifua kimebanwa, sauti haitoki, na kila neno lake nilikuwa nalijua tangu kitanda cha juu cha mwaka 1974.

Nikaona kitu ambacho bila daftari langu nisingekiona. Watu wale walikuwa hawalali. Anayelindwa halali, mlinzi halali. Usiku wa tatu au wa nne mtu anazimika kwenye mkeka, chali, na mtu wa namna hiyo ndiye hasa wa kukabwa. Asubuhi anatangaza, mtaa unaogopa zaidi, unakesha zaidi. Duara lilikuwa limekamilika na lilikuwa linajizungusha lenyewe.

Na lilitafuta mtu. Mjini Unguja mwaka ule mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi lililodhani kuwa ndiye. Habari hizo zilinikuta nimeshika kalamu. Nikamkumbuka yule kijana wa Dar aliyekuwa akitoka kazini. Nikamkumbuka shangazi. Tofauti kati yangu na kundi lile ilikuwa idadi tu.

Lakini sitaki kuwadhulumu waliokaa kwenye mikeka. Kulikuwa na jambo walilolipatia kuliko sisi wa bweni: walisema. Mtu aliyekabwa alisimulia, hakuitwa Marehemu, wenzake wakasogeza mikeka karibu. Kusema na kuwa karibu ni dawa. Kumtafuta wa kumlaumu ndiko kulikoiharibu.

7. Muulize yule uliyemshitaki

Mwishoni mwa mwaka ule nilikwenda Pangani, nikavuka mto kwa pantoni. Shangazi alikuwa amekonda, macho yameingiwa na ukungu, lakini sauti ni ileile.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mbali kwako?"

Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Tanga mjini. Ilinitoka yote. Nikasema tu kwamba mwaka 1974 nilikabwa na jinamizi shuleni, nikadhani ni yeye, nikaandika barua. Alinyamaza muda wa kumenya chungwa zima. Kisha akasema: "Niliijua ile barua. Mama yako hajui kuficha." Akaniwekea pande la chungwa mkononi. "Na mimi lilinikaba usiku wa kuamkia arusi ya dada yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea kwa utulivu. Lilimwanza akiwa mwari. Baba yangu, kaka yake, naye alikuwa akikabwa tangu mtoto. Usiku aliguna kama mbuzi aliyefungwa kamba shingoni, na bibi yangu akisikia mguno ule aliinuka akamvuta kidole gumba cha mguu, likaachia. Alipokuwa peke yake baada ya kufiwa, shangazi alijifunza kulifanya mwenyewe: hapigani na mzigo wala hajaribu kuinuka. Anaisahau nafsi yote, anabaki na kidole gumba kimoja, anakiomba kisogee. Kikisogea, mwili wote hufuata. Ubani wa Alhamisi ulikuwa wa kutuliza moyo kabla ya kulala.

"Ungeniuliza," alisema, "ningekuambia."

Daktari alikuja kunithibitishia kuwa jambo hili hutembea katika familia, na kwamba kumgusa mtu aliyefungwa mara nyingi hulikata. Lakini hayo yalikuwa ni kutia muhuri. Ufunguo wenyewe ulikuwa ng'ambo ya mto miaka ishirini na moja, mkononi mwa mtu pekee ambaye nilihakikisha hakuna anayemsogelea. Niliomba radhi. Alinipa. Nilimwomba pia apike pilau ya arusi ya mwanangu wa kwanza, akasema mikono imechoka, atakaa aonje chumvi. Alikaa jikoni, katikati, akaonja.

Hayo ya shangazi ndiyo niliyoona haya kumweleza mjukuu wangu, na sasa nimeyaandika ili ayasome. Asubuhi ile nilimwuliza wiki ile amelala kwa saa ngapi kila usiku. Akajibu tatu, nne. Nikamwuliza kama alilala chali. Ndiyo. Nikamweleza habari ya kidole. Kisha, kwa udhaifu wa kizee, nikamwuliza: "Ulimwona nani?"

Akatazama chini. Nikaona midomo inafunguka, jina liko karibu kabisa kutoka, jina la mtu ambaye pengine wakati ule alikuwa mahali fulani anakunywa chai yake kwa amani.

Nikamwekea mkono begani. "Basi, usiniambie," nikasema. "Rudi ukalale ubavu. Vitabu nitakuamshia saa nne."